Usalama wa taifa na haki za raia: kwenye Katiba Mpya tuchukue mfumo wa Kenya au tubaki na wetu?

Kila mjadala wa Katiba Mpya ukianza lazima atokee mtu aseme nyie mnalilia haki haki, haya waangalieni Wakenya, Katiba yao imejaa haki mpaka inamwagika na wamelipuliwa mara ngapi, sisi huku tumetulia. Alafu anakuja mwingine anasema Kenya ndo mfano, tukopi yote tumalize kazi. Wote wawili nawaheshimu ila naona wanabishana bila kufungua vitabu vyenyewe, kwa iyo leo nimevifungua vyote viwili, ya Kenya ya 2010 na ya kwetu ya 1977, tuangalie vinasemaje pale serikali inaposema "hii ni ishu ya usalama wa taifa".

Mi napima kwa maswali matatu tu. Serikali ikitaka kukubana kwa sababu ya usalama, nani anatakiwa kuthibitisha? Anathibitisha mbele ya nani? Na ndani ya muda gani? Maneno mazuri kuhusu utu na uhuru yapo kwenye kila katiba duniani, mtu akishaingizwa kwenye difenda saa nane usiku yanayomsaidia ni hayo matatu.

Kwanza tuitoe ile hoja ya mabomu

7 Agosti 1998 tulipigwa asubuhi moja, Nairobi na Dar, balozi za Marekani. Kwao walikufa zaidi ya 200, kwetu 11. Baada ya hapo sisi tukatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi 2002, wao wakachelewa mpaka 2012. Kilichofanya Kenya ipigwe sana baadae kinajulikana, ana mpaka mrefu na Somalia na Oktoba 2011 alipeleka jeshi kule kupigana na al-Shabaab. Ndo ikaja Westgate Septemba 2013 watu 67, basi la Mandera Novemba 2014 watu 28, Chuo Kikuu cha Garissa 2 Aprili 2015 watu 148. Hakuna mtu aliyepona au kufa pale kwa sababu mtuhumiwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Garissa shambulio lilianza alfajiri na kikosi maalum cha Recce kikafika saa nyingi baadae, hayo ni mambo ya usafiri na uongozi jamani, sio ya haki za binadamu.

Na kumbukeni Kenya ya kabla ya 2010 ilikuwa na katiba ya kuwapa wakubwa nguvu zote wanazotaka, watu waliwekwa kizuizini bila kesi miaka na miaka, wakateswa Nyayo House, Februari 1984 wanaume wa Wajir wakakusanywa uwanja wa ndege wa Wagalla wakakaa siku kadhaa juani bila maji na wengi wakauawa. Kaskazini kulikuwa salama zaidi? Hapana. Na sisi tunaojisifu utulivu tulikuwa na Kibiti 2016 na 2017, askari na viongozi wa vijiji wanauawa mmoja mmoja, na sheria zetu kali zote zilikuwepo. Kwa iyo tusitumie idadi ya mashambulizi kupima katiba, tutadanganyana.

Nani anathibitisha

Kenya, Ibara ya 24: haki inaweza kupunguzwa, ndio, lakini kwa sheria tu, na kwa kiasi kinachokubalika kwenye jamii ya kidemokrasia, na wanatakiwa waangalie kama kulikuwa na njia nyingine isiyoumiza sana ya kufikia lengo lilelile. Alafu kifungu kidogo cha 3 ndo kitamu chenyewe, kinasema anayetaka kupunguza haki, yani serikali, ndo aionyeshe mahakama kwamba masharti yametimia. Sio raia ahangaike kuthibitisha kwamba yeye si hatari.

Ibara ya 25 inataja vitu vinne havipunguzwi kwa sababu yoyote ile: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na ile amri ya mahakama ya kusema mleteni huyo mtu hapa tumuone. Hata kuwe na vita.

Tanzania, Ibara ya 30(2): haki zilizotajwa haziharamishi sheria yoyote wala hatua yoyote ya kisheria iliyowekwa kwa ajili ya ulinzi, usalama wa jamii, amani, maadili, afya, mipango ya miji na vijiji, madini, na maslahi mengine yoyote ya umma. Isomeni taratibu. Mlango ule ni mpana kiasi kwamba sijui ni kitu gani kinashindwa kupita.

Ila tuwe wa kweli, majaji wetu waliwahi kuubana. Mwaka 1993 kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilisema sheria inayopunguza haki isiwe ya kibabe na isizidi kile kinachohitajika kweli kufikia lengo. Hoja ileile iliyopo kwenye Ibara ya 24 ya Kenya, na majaji wetu waliisema miaka 17 kabla ya Wakenya kuiandika! Sasa tofauti ni kwamba kwao imeandikwa, jaji muoga na jaji jasiri wote wanaikuta pale pale. Kwetu inategemea umempata nani siku hiyo. Na 30(5) inairuhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria mbovu, iipe serikali muda wa kwenda kuirekebisha, huku sheria inaendelea kuuma.

Alafu kuna 31, hii ndo inanikera kuliko zote. Inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kuchukua hatua zinazokiuka Ibara ya 14 na 15, yani haki ya kuishi na uhuru wa mtu binafsi, wakati wa hali ya hatari AU wakati wa kawaida kwa watu wanaoaminika kuhatarisha usalama wa taifa. Wakati wa kawaida! Na "wanaoaminika", kuaminika na nani haijasemwa. Inaweka masharti kwamba hatua iwe ya lazima, na kuua haikubaliki isipokuwa vifo vya vitendo vya vita, sawa, lakini nchi ikishasema uhuru wa mtu unaweza kukiukwa siku ya kawaida, ya nini tena kutangaza hali ya hatari? Ndo maana Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 ilikaa vizuri kabisa chini yake. Tume ya Jaji Nyalali iliitaja ile sheria kati ya sheria 40 za kutazamwa upya tangu mwanzoni mwa miaka ya 90.

Hali ya hatari

Hapa napita haraka maana inajieleza.

Kenya, Ibara ya 58: tangazo linaishi siku 14. Bunge likitaka kuongeza, theluthi mbili mara ya kwanza, robo tatu mara zinazofuata, na kila nyongeza isizidi miezi 2. Mahakama ya Juu inaweza kuambiwa ikague kama tangazo ni halali.

Tanzania: Rais anatangaza, Bunge linakaa ndani ya siku 14 na kupitisha kwa theluthi mbili, likipita linaishi miezi 6, na linaweza kuongezwa miezi 6 mingine, kura ni zilezile theluthi mbili. Mahakama haijatajwa.

Wazo la Kenya ni kwamba kadri dharura inavyochelewa kuisha ndo inazidi kuwa ngumu kuiongeza. Kwetu ukishapata wabunge unawapata moja kwa moja, na tunajua Bunge letu linavyokuwaga.

Siku ya kukamatwa

Kenya saa 24 zimeandikwa kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya 49, pamoja na dhamana isipokuwa kuna sababu nzito. Wana ubaya wao, chini ya sheria yao ya ugaidi mtu anaweza kushikiliwa mpaka siku 90 kabla ya kushtakiwa, ila kila hatua hakimu ndo anaruhusu na mshukiwa analetwa pale mbele yake.

Kwetu saa 24 zipo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, sio kwenye Katiba. Alafu kuna zile saa 48 za mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, sheria ya tawala za mikoa ya 1997. Sheria yenyewe ukiisoma ina breki, anatakiwa aandike sababu, nakala iende kwa hakimu, na mtu afikishwe mahakamani muda ukiisha. Mnajua wenyewe inavyotumika, mkutano wa hadhara, mwananchi kauliza swali la maji, "OCD weka ndani huyo saa 48", watu wanapiga makofi. Nani amewahi kuiona hiyo nakala ya hakimu?

Ila tatizo kubwa la kwetu linaanza baada ya kufikishwa mahakamani. Ugaidi, uhaini, utakatishaji fedha, hivi havina dhamana, kifungu kilichojulikana kama 148(5) cha ile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mahakama Kuu ilisema Mei 2020 kwamba kinavunja Katiba, Mahakama ya Rufani ikakirudisha Agosti mwaka huohuo. Kwa iyo mshtakiwa anasimama mahakama ya Kisutu au ya wilaya, anasomewa shtaka, anaambiwa hutakiwi kujibu kitu kwa sababu mahakama hii haina mamlaka, upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa. Wiki mbili zinapita, anarudi, upelelezi haujakamilika. Mama kakaa kwenye benchi na kanga yake kaja kumuona mtoto dakika tano, anarudi nyumbani, wiki mbili zingine upelelezi haujakamilika. Masheikh wa Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha Zanzibar, walikamatwa kuanzia 2012, wakashtakiwa ugaidi, na walifutiwa mashtaka Juni 2021. Hakuna hakimu aliyewahi kusema wana hatia. Hakuna aliyesema hawana pia. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mwanza Julai 2021, kesi ya ugaidi, Machi 2022 mkurugenzi wa mashtaka (DPP) akasema hana nia ya kuendelea, basi imeisha. Kama kweli walikuwa magaidi kwa nini waachiwe, na kama hawakuwa nani anawarudishia ile miaka? Na hapo usalama wa taifa umefaidika nini, maana gaidi wa kweli kama yupo na yeye ameachiwa bila hukumu.

Nani anaruhusiwa kwenda kudai

Kenya Ibara ya 22, yeyote. Kwa ajili yake, kwa ajili ya mwingine asiyeweza, kwa ajili ya umma, hata chama. Kwetu Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, nzuri kabisa, lakini 2020 sheria ya utekelezaji wa haki ikabadilishwa, sasa unatakiwa ule kiapo kuonyesha wewe binafsi umeathirika vipi. Sasa aliyefungiwa mahali pasipojulikana anaapaje kiapo?

Faida ya ule mlango wa Kenya mliiona 2014. Baada ya Mandera serikali ya Uhuru Kenyatta ikaleta marekebisho ya sheria za usalama, yakapita 18 Desemba Bunge likiwa kwenye vurugu, yakasainiwa kesho yake. Upinzani na tume ya haki za binadamu wakaenda mahakamani, 2 Januari Jaji George Odunga akasimamisha vifungu kadhaa, na 23 Februari 2015 majaji watano wakafuta vifungu 8. Kufunga waandishi kwa picha na habari za ugaidi, kikafutwa. Kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima, kikafutwa. Lakini kunasa mawasiliano ya washukiwa wa ugaidi kulibaki, na vifungu vingi vingine vilibaki! Hapa ndo wale wanaosema mahakama inawalinda magaidi wanatakiwa wasome tena. Mahakama ilipita kifungu kwa kifungu, hiki serikali imeeleza kinasaidiaje, kibaki, hiki haijaeleza, kitoke.

Mwaka huohuo baada ya Garissa serikali ikatoa orodha ya watu na mashirika yanayotuhumiwa, ndani yake wakawemo MUHURI na Haki Africa wa Mombasa ambao kazi yao ni kutetea watu, akaunti zao zikafungwa. Mahakama Kuu Mombasa ikawatoa kwenye orodha na baadae ikaamuru akaunti zifunguliwe.

Agosti 2024, siku moja kwa nyingine

Hii ndo ningependa kila mtu aisome hata kama ameruka mengine yote.

Tarehe 18 Agosti 2024, Temeke, kiongozi wa vijana wa CHADEMA Deusdedith Soka na wenzake wawili wakachukuliwa. Tarehe 19 Agosti 2024, Kitengela nje kidogo ya Nairobi, watu watatu waliohusishwa na maandamano ya Juni ya kuipinga serikali wakachukuliwa. Siku moja katikati. Pande zote mbili mawakili wakakimbilia mahakamani na ombi lilelile, waleteni tuwaone, na pande zote mbili polisi wakasema hatunao.

Dar, Mahakama Kuu ilitupa ombi tarehe 28 Agosti, ikasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba wapo mikononi mwa polisi, na polisi waendelee kuwatafuta. Yani mzigo wa kuthibitisha alibebeshwa anayemtafuta ndugu yake. Wale vijana hawakurudi nyumbani wiki ile, wala mwaka ule.

Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi akamwita kaimu mkuu wa polisi Gilbert Masengeli aje aeleze mwenyewe. Hakuja. Akaitwa tena, hakuja, ikafika mara saba. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu miezi sita jela kwa kuidharau mahakama, akampa siku saba ajirekebishe. Jaji akanyang'anywa walinzi wake, Jaji Mkuu Martha Koome akalalamika hadharani. Tarehe 20 Septemba, kabla zile siku saba hazijapita, wale watu watatu wakaachiwa wakiwa hai. Masengeli akaja kuomba radhi na kifungo kikafutwa.

Mi sisemi katiba peke yake ndo ilifanya hivo, kulikuwa na jaji mwenye moyo na mawakili wasiochoka. Lakini yule jaji alikuwa na Ibara ya 25 mkononi inayosema amri ile haipunguzwi kwa sababu yoyote, na hakumuuliza mama wa mtu "ushahidi wako uko wapi", alimuuliza mwenye bunduki.

Lakini Kenya msiikopi yote

Sasa nyie wa "tukopi tumalize". Kenya yenye Katiba hiyo hiyo ndo iliyowajaza watu uwanja wa Kasarani kwenye operesheni ya polisi ya Usalama Watch Aprili 2014, maelfu wakazolewa Eastleigh kwa kuwa ni Wasomali. Ndo nchi ambayo Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Mombasa mchana Agosti 2012 na Sheikh mwingine, Makaburi, akauawa nje ya mahakama ya Shanzu Aprili 2014, na familia za Pwani zinazotafuta vijana wao ni nyingi. Kuanzia Juni 2024 walikufa watu wapatao 60 kwenye maandamano kwa hesabu ya tume yao ya haki za binadamu, na utekaji wa watu uliendelea mpaka mwaka ukaisha. Zile Subaru za watekaji zisizo na namba halali hazijawahi kusoma Ibara ya 49. Ukiibana sana dola kwenye karatasi bila kuibana kwenye amri na bajeti, inahamia gizani, na gizani hakuna saa 24 wala 48.

Hata jeshi, Katiba yao inasema halitoki kutuliza vurugu bila Bunge kukubali. 25 Juni 2024 waziri alitangaza kwanza, Bunge likaja kuidhinisha kesho yake. Mahakama nayo ililiacha jeshi liendelee kuwepo barabarani, ikaitaka tu serikali ieleze litafanya nini na kwa muda gani.

Ila angalia tofauti hata hapo. 25 Juni 2025 mamlaka ya mawasiliano Kenya ikaamuru televisheni ziache kurusha maandamano moja kwa moja, siku hiyohiyo mahakama ikaisimamisha amri. Kwetu 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje, mamia wakashtakiwa uhaini, kosa ambalo halina dhamana, na ulikuwa hujui hata ndugu yako wa Mbagala yuko hai au la. Nani alithibitisha nini, mbele ya nani?

Mi nachagua hivi

Kama lazima niamue kati ya viwili, nachukua maandishi ya Kenya, 24, 25, 49 na 58, bila kusita. Ibara yetu ya 31 maneno "wakati wa kawaida" yatoke kabisa. Saa 48 za wakuu wa wilaya zitoke. Dhamana iamuliwe na hakimu kwa mtu mmoja mmoja, hata ugaidi, serikali ije iseme kwa nini huyu asipewe, na upelelezi uwe na ukomo kwenye Katiba, ukipita mtu anatoka.

Alafu tuongeze yale ambayo Wakenya waliyasahau. Askari asimkamate mtu bila sare au kitambulisho na gari lenye namba zake. Jina la aliyekamatwa, kituo alichopelekwa na jina la askari aliyemkamata viandikwe ndani ya saa chache kwenye daftari ambalo ndugu na wakili wanaruhusiwa kulikagua kituo chochote. Mtu akichukuliwa mbele ya mashahidi na watu waliojitambulisha kama polisi, polisi ndo wathibitishe hawanaye, sio familia ithibitishe wanaye. Na mkuu wa polisi akiitwa na jaji kwenye kesi ya namna hiyo aje mwenyewe siku ileile aliyopangiwa, asipokuja hapokei mshahara wa mwezi huo na Bunge linaletewa jina lake. Wazanzibari na nyie iingizeni kwenye Katiba yenu ya 1984, maana Uamsho walichukuliwa huko kwenu na kesi ikaja kusikilizwa huku bara.